Lenzi ya Bei Nafuu na Jani la Muhogo

Imezoeleka kudhani kwamba ubora wa picha hununuliwa pamoja na lenzi, na kwamba asiye na fedha nyingi hana budi kungoja. Dhana hii imewafanya wapigapicha wengi wa ridhaa, walimu na wanafunzi wakiwamo, waone kuwa picha za kisayansi ni kazi ya wageni wenye lenzi ndefu. Katika nyanda za juu za Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo, dhana hiyo ina hasara, kwa kuwa muhogo huko ni chakula na ni biashara, na adui zake ni wadogo mno.

Historia ya mkoa wenyewe yatoa ushahidi. Jane Goodall alipomwona sokwe wa Gombe akivua mchwa kwa bua la nyasi mwaka 1960, alikuwa na darubini na daftari. Mpigapicha Hugo van Lawick alifika mwaka 1962. Jambo lilikwisha kuonwa na kuandikwa kabla ya lenzi zake kuwasili.

Lenzi ya kufikiriwa kwanza ni ile ya milimita 50 isiyovuta, yenye namba ya tundu 1.8. Mara nyingi ni miongoni mwa lenzi rahisi kabisa za mtengenezaji wake, wala urahisi huo si hila. Mpangilio wa vioo vyake umetokana na lenzi ya Planar, iliyobuniwa na Paul Rudolph wa kampuni ya Zeiss, Ujerumani, mwaka 1896. Vioo sita hivi vyatosha, na gamba laweza kuwa la plastiki.

Namba ya tundu hupatikana kwa kugawa umbali wa fokasi kwa kipenyo cha tundu. Kwa hiyo tundu la lenzi hii lina kipenyo cha milimita 28 hivi. Lenzi ya kuvuta inayouzwa pamoja na kamera nyingi, ikifikishwa karibu na milimita 50, huwa na namba 5.6, yaani tundu la milimita 9. Mwanafunzi akilinganisha maeneo ya matundu hayo ataona kwamba lile la kwanza hupitisha mwanga karibu mara kumi. Ndani ya darasa lenye dirisha dogo, tofauti hiyo ndiyo hutenganisha picha kali na picha iliyotikisika.

Kasoro zipo, na yafaa zisemwe. Tundu likiwa wazi kabisa, miale ipitayo kandokando ya vioo haikutani mahali pamoja na ile ya katikati, na pembe za picha hufifia. Lakini tundu likipunguzwa hadi namba 8, miale hiyo ya pembeni huzuiwa, na lenzi ya bei nafuu huikaribia sana ile ya bei kubwa. Jua la Julai huko Kasulu lina mwanga wa kutosha kwa namba hiyo.

Faida kubwa zaidi hupatikana lenzi ikigeuzwa, upande wa mbele ukafungwa kwenye kamera kwa pete maalumu. Hapo taswira hukaribia ukubwa halisi wa kitu chenyewe. Inzi mweupe, aenezaye batobato na michirizi kahawia, ana urefu wa milimita moja hivi. Kwa kamera yenye nukta 6,000 katika upana wa milimita 24, mdudu huyo hupata nukta 250: si nyingi, lakini mabawa huonekana. Sehemu iliyo kali haifiki unene wa milimita moja, hivyo ni afadhali kusogeza kamera yenyewe kuliko kuzungusha pete ya fokasi. Lenzi kuukuu yenye pete ya kubadili tundu kwa mkono huwa bora hapa kuliko mpya inayotegemea umeme wa kamera.

Virusi havitaonekana kwa njia hii. Kitakachoonekana ni dalili, na hilo si dogo: michirizi kahawia yaweza kuozesha mizizi huku mmea ukionekana mzima machoni mwa mkulima, ila majani ya chini yana umanjano kandokando ya vishipa. Picha ya jani hilo, yenye rula pembeni, tarehe na jina la kijiji, humpa afisa ugani neno la kuanzia kabla ya msimu wa kuvuna.

Anayenunua lenzi iliyotumika aimulike kwa tochi kutoka upande wa nyuma. Nyuzi mithili ya utando wa buibui ndani ya vioo ni kuvu. Bei iwe ndogo namna gani, aiache. Tangu Novemba, mvua zinapoanza, lenzi isikae ndani ya mfuko wa ngozi. Yatosha kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu ambavyo watu huvitupa wafunguapo boksi la viatu.