Kadi ya kifahari ya usafiri: Pochi nayo ishike adabu

Ukishaajiriwa mahali panapolipa mshahara kupitia benki, subiri simu. Haikawii. Sauti tamu itakuita kwa majina yako yote matatu, itakusifu kuwa mteja wa thamani, kisha itakwambia umechaguliwa upewe kadi maalum ya usafiri. Kadi yenyewe nyeusi, nzito mkononi. Inakufungulia launji za viwanja vya ndege dunia nzima, ina bima ya safari, inakupa pointi kila ukilipa. Mwaka wa kwanza bure. Ada ya mwaka itakuja baadaye, na hiyo "baadaye" husemwa haraka haraka, kama masharti yanayosomwa mwishoni mwa tangazo la redio.

Niseme wazi msimamo wangu: kwa vijana wengi wa huku Shika Adabu, na Likoni yote kwa jumla, kadi hiyo hailipi ada yake. Wala sisemi kwamba sisi si watu wa kupanda ndege. Tunapanda. Nasema hesabu inakataa, na wengi wetu hatuipigi hiyo hesabu kwa sababu tumeshaanza kujiona tumekaa launji, kahawa mkononi, picha tayari kwa status.

Majuzi simu hiyo ilimfikia binamu yangu. Ana miaka 26, anafanya kazi katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na mshahara wake unasomesha wadogo zake wawili. Ada aliyotajiwa ni Sh15,000 kwa mwaka. Alipoitupa habari hiyo kwenye grupu la familia, vijana wengi walimjaza hongera. Shangazi, yaani mamake, akauliza swali moja tu: "Hiyo kadi inanunua maji?"

Watu walicheka, lakini hilo ndilo swali lenye akili kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo. Mwenye mkokoteni wa maji hana mashine ya kadi. Anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi hana. Boda hana, matatu haina, mwenye nyumba anataka M-Pesa kabla ya tarehe tano. Nitarudi kwa jambo hilo, maana hapo ndipo pointi zinapofia.

Tuanze na ada yenyewe. Sh15,000 si Sh15,000. Ada za benki zina ushuru wa bidhaa, ambao tangu Julai 2023 ni asilimia 15. Kwa hivyo kinachotoka kwenye akaunti ni Sh17,250. Ukitaka kuuona uzito wake, nenda Miritini. Behewa la kawaida la Madaraka Express hadi Nairobi ni Sh1,500 tangu Januari 2024, na kwenda na kurudi ni Sh3,000. Ada ya mwaka mmoja ni safari tano kamili za Nairobi, na bado unabaki na Sh2,250 za chakula. Hiyo ni pesa ya kusafiria inayolipwa kabla hujasafiri popote.

Sasa launji. Muuzaji atakwambia kuingia launji bila kadi ni ghali. Tuseme ni Sh4,000 kwa mara moja. Kwa hesabu yake, ukiingia mara tano umerudisha ada na chenji juu. Inaonekana tamu. Lakini jiulize: bila kadi, ungetoa Sh4,000 mfukoni ili ukae kwenye kiti laini ukisubiri ndege? Mimi nisingetoa, na sidhani wewe ungetoa. Ungenunua chai na sambusa, pengine na chupa ya maji, na kwa bei za uwanja wa ndege tuseme ungetumia Sh800. Basi hizo Sh800 ndizo launji inakuokolea. Gawanya Sh17,250 kwa Sh800: unahitaji kuingia launji mara 22 kwa mwaka. Hesabu ya benki inasema mara tano, hesabu ya mfuko wako inasema mara 22.

Hapo ndipo penye siri ya mchezo huu wote. Faida ya kadi hupimwa kwa kile ambacho ungekilipia hata bila kadi. Kitu ambacho hungekinunua kamwe, hata kikiandikwa bei ya Sh10,000 kwenye kijitabu cha benki, kwako thamani yake ni raha tu. Raha si mbaya, ila usiiandike kwenye daftari kama akiba.

Tena fikiria safari zetu zilivyo. Ndege ya Mombasa hadi Nairobi ni kama saa moja hewani. Kijana wa Shika Adabu anayeelekea Uwanja wa Ndege wa Moi ana njia mbili: avuke feri kisha apite mjini hadi Changamwe, au azunguke na barabara ya Dongo Kundu. Kazi kubwa ya safari yake iko huku, kabla ya kufika uwanjani. Na hakuna kadi nyeusi inayokutanguliza kwenye foleni ya feri. Pale Likoni mwenye kadi na asiye na kadi wanavuka kwa miguu bure, bega kwa bega, na mkokoteni wa nazi unawapita wote wawili.

Twende kwenye pointi. Tuseme kadi inakupa thamani ya nusu shilingi kwa kila Sh100 unayotumia. Ili pointi peke yake zirudishe ada ya Sh17,250, lazima upitishe kwenye kadi Sh3.45 milioni kwa mwaka, yaani Sh287,500 kila mwezi. Rudia kusoma hiyo namba polepole. Sasa urudi kwa swali la shangazi. Toa kodi ya nyumba, toa maji, toa matatu na boda, toa viazi karai, toa mchango wa harusi na wa matanga, toa pesa unayomtumia nyanya. Kinachobaki cha kupitisha kwenye mashine ya kadi ni supamaketi, mafuta ya gari kama unalo, na tiketi mara moja moja. Maisha ya huku yanalipwa kwa M-Pesa na kwa noti, na pointi za kadi hazijui noti.

Kuna wanaosema, "Basi nitahamisha matumizi yangu yote kwenye kadi." Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Kadi ya mkopo ni pesa ya benki hadi uilipe. Ukilipa bili yote kila mwezi kwa tarehe, huna tatizo. Ukiacha salio, riba inaanza. Tuseme umebakisha Sh50,000 na riba ni asilimia 3 kwa mwezi: hiyo ni Sh1,500 kila mwezi, tiketi moja ya treni inachomeka na wewe umekaa nyumbani. Ukichelewa vya kutosha, jina linapelekwa CRB, na siku utakapotaka mkopo wa maana, wa ploti Matuga au wa kupanua biashara, utaulizwa habari za launji uliyokaa dakika 40.

Kwa wengi wetu hapa Likoni, riba ina swali jingine pia, la dini. Hilo silitolei fatwa kwenye ukurasa huu. Ila ni vizuri umuulize shehe unayemwamini kabla hujatia sahihi, maana mkataba wa kadi unataja riba hata kama umepania kutoichelewesha.

Msidhani wenzetu wa nje wameshinda mchezo huu. Kule Marekani, kadi maarufu ya Chase Sapphire Reserve ilizinduliwa 2016 kwa ada ya dola 450 kwa mwaka. Mwaka wa 2020 ikawa dola 550. Mwaka wa 2025 ikapanda hadi dola 795. American Express Platinum nayo mwaka huo huo ikapanda kutoka dola 695 hadi dola 895. Kila ada inapopanda, kijitabu cha faida kinanenepa: punguzo la hoteli fulani, marejesho ya mgahawa fulani, vocha za huku na kule. Ili uzipate zote lazima uishi jinsi kijitabu kinavyotaka. Kama watu wanaolipwa kwa dola na kusafiri kila mwezi wanakaa chini na kalamu kila mwaka kuamua waendelee nayo au waikate, sisi wa mshahara wa shilingi tunaipokeaje kwa simu ya dakika tatu?

Sasa nitende haki, maana wapo ambao kadi hii inawafaa kweli. Kwanza ni mfanyabiashara anayekwenda Dubai au Guangzhou kuleta bidhaa mara sita, saba kwa mwaka. Huyo anakaa uwanjani saa nyingi akiunganisha ndege, analala hoteli zinazodai kadi, ananunua tiketi kwa pesa yake, na chakula cha launji kwake ni chakula ambacho angekinunua hata hivyo. Wa pili ni yule ambaye kazi inamsafirisha na mwajiri anamrudishia gharama: anapitisha matumizi ya ofisi kwenye kadi yake na pointi zinabaki kwake. Wa tatu ni anayenunua bima ya safari kila mara. Visa ya Schengen, kwa mfano, inadai bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Kama bima ya kadi inakubalika na ubalozi na inakuokolea gharama hiyo mara kadhaa kwa mwaka, iandike kwenye hesabu. Soma masharti lakini, maana mara nyingi bima hiyo hufanya kazi tu ikiwa tiketi yenyewe ulilipia kwa kadi hiyo.

Na vijana wetu wa meli? Wapo wengi Mombasa wanaofanya kazi kwenye meli za kitalii, na wanapita viwanja vya ndege vikubwa. Lakini hesabuni safari: mkataba wa miezi kadhaa ni kwenda mara moja na kurudi mara moja, na tiketi hukatwa na kampuni. Launji mbili tatu kwa mwaka hazifikii Sh17,250 hata kwa hesabu ya muuzaji.

Tusichanganye pia kadi ya kifahari na kadi ya kawaida. Kulipa mtandaoni, kuweka nafasi ya hoteli, kununua tiketi ya ndege: yote hayo yanawezekana kwa kadi ya kawaida ya benki. Hata kadi pepe ya M-Pesa GlobalPay, iliyozinduliwa na Safaricom na Visa mwaka wa 2022, inalipa mitandao ya nje kwa pesa iliyo kwenye simu yako. Anayekwambia bila kadi nyeusi huwezi kusafiri anakuuzia rangi.

Kwa hivyo, simu ikikufikia, usikatae kwa hasira wala usikubali kwa raha. Fungua kalenda ya mwaka uliopita, mwaka uliokwisha, usiende kwenye mwaka unaouota. Hesabu ulipanda ndege mara ngapi kwa pesa yako. Andika kila faida kwa bei ambayo ungeilipa kweli, kisha jumlisha. Halafu muulize aliyekupigia mambo matatu, na umwombe majibu kwa barua pepe: ada pamoja na ushuru ni kiasi gani, inaanza kukatwa tarehe gani, na nikitumia kiasi gani kwa mwaka mtaniondolea ada hiyo. Swali la mwisho wengi hawaliulizi, na wakati mwingine benki hukubali kuliko impoteze mteja. Ukichukua mwaka wa bure, weka kikumbusho kwenye simu mwezi wa kumi na moja, na ukiamua kuacha, funga akaunti ya kadi kwa maandishi. Kuikata kwa makasi hakuzuii ada.

Najua kuna hesabu ambayo kalamu haiandiki. Kijana aliyekulia huku, aliyezoea kuambiwa watu wa feri ni wa kungoja, akiwekewa mkononi kitu kinachosema "wewe pita mbele", anahisi amefika. Siidharau hisia hiyo. Lakini heshima inayokatwa Sh17,250 kila mwaka, hata mwaka ambao hukutoka Likoni, ni heshima ya kukodi. Gawanya ada hiyo kwa miezi 12: ni Sh1,437 na senti 50. Iweke sacco kila mwezi, na mwaka ukiisha utakuwa na pesa ya tiketi mkononi. Wewe mwenyewe ndiye utakayeamua inakupeleka wapi.