Kamituga: mashine ilipokuja, mchi wa mama ulikwenda wapi?

Huko Kamituga, katika wilaya ya Mwenga, Kivu Kusini, dhahabu haitoki ardhini ikiwa tayari. Wanaume huchimba mawe shimoni, kisha mawe hayo husagwa mpaka yawe unga, na unga huoshwa ili dhahabu ionekane. Kwa miaka mingi usagaji huo ulikuwa mikononi mwa akina mama, kila mmoja na kinu na mchi wa chuma. Watu waliwapa jina la Kiswahili lenye mkia wa Kifaransa: « mamans twangaises ».

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, mashine za kusaga mawe zilianza kuenea. Mashine humaliza kwa muda mfupi kazi iliyomchukua mama siku nzima. Wenye mashimo, wale wanaoitwa PDG, wakapeleka mawe yao huko. Akina mama wengi wakabaki kubeba mizigo, kuosha mabaki ya mchanga au kuuza chakula. Na fedha ya mchi ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba na karo ya watoto.

Tusiseme haraka kwamba mashine ndiyo adui. Mchi unavunja mgongo, na vumbi la mawe linaharibu kifua. Hakuna anayemtakia binti yake maisha hayo. Tujiulize jambo lingine: kwa nini kazi ileile, ilipopata injini, ilihamia kwa wanaume?

Sababu ya kwanza ni namna tunavyohesabu ujuzi. Kutwanga kulionekana kuwa jambo la jikoni, kitu ambacho mwanamke anazaliwa nacho, basi kulilipwa kidogo. Kuendesha mashine kunaitwa ufundi, na ufundi una bei yake.

Sababu ya pili ni mtaji. Mashine inanunuliwa kwa fedha nyingi. Wakati zilipofika, Sheria ya Familia ya 1987 ilikuwa bado inamtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kabla ya kujifunga kisheria. Sharti hilo liliondolewa mwezi wa saba 2016. Kufikia hapo, wenye fedha walikuwa wamekwisha kushika nafasi zao.

Sababu ya tatu ni masomo. Sheria ya Kazi ya 2002 inasema mshahara uwe sawa kwa mwanamume na mwanamke, ikiwa masharti ya kazi, ujuzi na matokeo ya kazi ni sawa. Ni sheria nzuri, lakini mama mwenye mchi hana mwajiri wala mkataba, haimfikii. Tena inalinda usawa wa mshahara pale tu ujuzi ulipo sawa. Tukimpeleka kijana wa kiume kwenye mekanika na umeme, na dada yake kwenye kushona peke yake, tumekwisha kuamua mishahara yao kabla hawajatafuta kazi.

Hapo ndipo jambo hili linatugusa sisi. Tangu mkataba wa 1977 na Serikali, makanisa yanasimamia shule nyingi za nchi hii. Wakuu wa shule zetu za ufundi wanaweza kuwaalika wasichana waziwazi katika mekanika, na kuwaeleza wazazi faida yake. Vikundi vya akiba vya akina mama, ambavyo katika parokia nyingi vinasaidiana kwa misiba na magonjwa, vinaweza pia kuweka fedha kwa ajili ya chombo cha kazi kinachomilikiwa pamoja. Na anayekinunua ajifunze pia kukitengeneza, la sivyo faida yote itaishia kwa fundi.

Mashine nyingine zitakuja: mashambani, sokoni, maofisini. Mwanzo wa mwaka wa shule ujao, ndugu mzazi, kabla ya kumwandikisha binti yako, uliza ni nani atakayeziendesha.