Barabara Tumepewa, Mto Je?

Panda matatu ya 237 Jumapili asubuhi kutoka katikati ya Nairobi, kusiwe na foleni, na utashuka Thika kabla ya saa moja kwisha. Ni kilomita arobaini na kitu tu. Kabla ya Rais Mwai Kibaki kuifungua barabara kuu ya Thika mnamo Novemba 2012, safari hiyo hiyo ilikuwa ya kuombea dua. Kisingizio cha barabara mbovu basi hakipo tena. Lililobaki ni swali gumu zaidi: mgeni akishashuka, tunamwonyesha nini?

Vya kuonyesha havikosi. Mito ya Chania na Thika inakutana hapo hapo mjini, kila mmoja na maporomoko yake, na katikati yake imekaa hoteli ya Blue Posts tangu mwaka wa 1908. Elspeth Huxley alilelewa maeneo haya, na kitabu chake cha 1959, "The Flame Trees of Thika", kikageuzwa kuwa tamthilia ya televisheni huko Uingereza mwaka wa 1981. Sina ugomvi na kitabu hicho. Ninachokataa ni mji mzima kuendelea kujinadi kwa kumbukumbu za mtoto wa mlowezi ilhali bustani ya Mugumo ipo, nayo ina kisa chetu wenyewe. Wazee husimulia kuwa mwaguzi Mugo wa Kibiru aliagua kwamba siku mugumo wa Thika utakapoanguka, Mzungu naye atafunga virago. Kwamba wakoloni, kwa hofu, waliuzungushia chuma mti huo. Na kwamba radi iliupasua uhuru ukiwa mlangoni. Kisa kama hicho hakihitaji chumvi. Kinahitaji mtu wa kukisimulia vizuri pale pale bustanini.

Hata hivyo kisa kikipuuzwa hakiozi. Mto huoza.

Nenda Fourteen Falls, mwendo mfupi kutoka Thika, upande wa Kilimambogo. Mto Athi hapo hujigawa mikondo mingi na kuruka mwamba takriban mita 27, na vijana wa huko hupiga mbizi kutoka juu ili mgeni awatupie chochote. Ng'ambo ya mto kuna mlima wenyewe, mbuga ya taifa ya Ol Donyo Sabuk iliyotengwa mwaka wa 1967, lilipo kaburi la tajiri Mmarekani William Northrup McMillan. Maporomoko na mlima kwa siku moja: mji gani mwingine jirani na Nairobi una bahati hiyo? Lakini sogea karibu na maji. Kuna siku povu jeupe hutanda chini ya maporomoko kama mtu amemwaga sabuni, na harufu hukupokea kabla hujasikia ngurumo ya maji. Huu ni mto uleule unaopokea maji ya Mto Nairobi, pamoja na Ngong na Mathare, na kila kilichomiminwa humo: kinyesi, mafuta ya gereji, masalia ya viwanda. Vijana wale wanapiga mbizi humo humo.

Ni rahisi kuilaumu Nairobi, nayo inastahili. Ila Kiambu, kaunti yetu ya Thika na Ruiru, haina mikono misafi. Sensa ya 2019 iliikuta Ruiru na watu 490,120, mji wa nne nchini kwa wingi wa watu baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Majumba ya kupangisha yalichipuka kwenye mashamba ya kahawa haraka kuliko mabomba ya majitaka yalivyoweza kuyafuata, na Mto Ruiru nao mwisho wake ni Athi. (Kahawa yenyewe ingekuwa kivutio. Aina ya Ruiru 11, iliyotolewa 1985 na kituo cha utafiti cha hapo ili kustahimili ugonjwa wa buni na kutu ya majani, imelibeba jina la mji huu mbali. Ni wakazi wangapi wa Ruiru wamewahi kuonyeshwa mche wake?)

Watakuja wa kusema kuwa mto si kazi ya kaunti, ni wa serikali kuu. Nusu ya kweli. Athi unapita Nairobi, Kiambu na Machakos; kaunti moja inachafua, nyingine inauza mandhari, na hakuna inayolazimika kuijibu nyingine. Lakini tusiambiwe haiwezekani. John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira aliusafisha ukingo wa Mto Nairobi karibu na mzunguko wa Globe, mahali watu walipokuwa wakipita wameziba pua, na leo bustani ya hapo ina jina lake. Alichokiacha ni kipande tu, na kipande hakiwezi kuuokoa mto, ila kilionyesha kwamba kilichokosekana ni nia.

Ndiyo maana mipango ya mabango, vibanda vya kisasa na kampeni za "tembelea Kiambu" hainipi furaha. Wageni wa Thika wengi si watalii wa ndege; ni familia za Kasarani, Githurai na Juja zilizobeba chapati na watoto. Hao hawahitaji bango kuwaelekeza. Wanahitaji mtoto aweze kuchovya mguu majini bila mama kupiga kelele. Mpaka maji ya Athi yafike Fourteen Falls bila povu, kila shilingi ya matangazo ya utalii ingefaa zaidi ikizikwa ardhini Ruiru, ndani ya bomba la majitaka.