Msituongezee Vitufe

Kuna kauli ya wapenzi wa programu huria inayonichosha: eti mradi usiotoa vipengele vipya umekufa. Hapana. Mara nyingi unaokufa ni ule unaoongezewa vitu kila kukicha wakati wa kuvitunza hayupo.

Tuanzie hapa hapa Ubungo. Mwishoni mwa 2004 mradi wa Kilinux, pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice: programu ya ofisi inayosomeka kwa Kiswahili, iliyotokana na toleo la 1.1.3 la OpenOffice.org. Kabla mwaka haujatimia, Oktoba 2005, OpenOffice.org wakatoa 2.0, ndani yake programu nzima mpya ya hifadhidata. Kwa wahandisi, sherehe. Kwa mfasiri, rundo jingine la maneno.

Na si maneno mapya tu. Mhandisi akigusa neno moja katika sentensi ya Kiingereza, tafsiri yake huwekwa kando mpaka mtu aihakiki. Mtu huyo anajitolea, ana kazi nyingine inayomlisha. Asipopata nafasi, menyu inakuwa nusu Kiswahili, nusu Kiingereza. Mchapaji wa steshenari pale Riverside, mteja kamsimamia kichwani, ataifunga tu.

Sisi wasomaji tunalijua hili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka 1981, toleo la pili 2004. Miaka 23! Mtasema walichelewa, na ni kweli. Lakini katikati hapo mwalimu na mwanafunzi walifungua ukurasa uleule wakaelewana.

Najua jibu lenu: bila vipya, vijana hawaji. Sawa, kujenga kunanoga kuliko kuziba matundu. Na tundu la usalama lizibwe leo leo, hapo sina ubishi. Ila kitufe kipya kiwe na masharti. GNOME husimamisha mabadiliko ya maneno kabla ya kila toleo ili wafasiri wamalize kazi. LibreOffice kwa miaka mingi ilitoa matoleo mawili sambamba: jipya kwa wenye hamu, lililotulia kwa wenye kazi. Kwa hiyo msituambie haiwezekani.

Muda wa mtu anayejitolea ukiisha haununuliki dukani. Kabla hujaongeza kitufe, jibu kwanza: nani atakifasiri, na kikiharibika nani atakirekebisha? Kama huna jina la mtu, kiache.