Kiti Hakimfundishi Mtu Tabia



Kila ufikapo msimu wa kuchagua viongozi katika jumuiya zetu ndogo ndogo, vigango na parokia, swali moja hutangulia mengine yote: "Je, huyu ana uwezo?" Nasi sote twajua neno hilo limekuja kumaanisha nini. Halimaanishi uwezo wa kusali, wala wa kusuluhisha waliogombana, wala wa kutunza siri ya mgonjwa. Lamaanisha mfuko. Mwenye gari, mwenye duka kubwa, mwenye cheo serikalini, huyo ndiye mwenyekiti. Na mama mjane anayewatembelea wagonjwa wa mtaa mzima huombwa apige makofi. Katika tafakari ya juma hili twataka kusema wazi kwamba desturi hii ni kinyume cha Injili, na inalidhoofisha Kanisa.

Tuanze na Maandiko Matakatifu. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, wajane wa upande mmoja wa jumuiya walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Kazi iliyotafutiwa watu ilikuwa ya mezani tu, yaani kugawa chakula kwa haki. Mitume wangeweza kutafuta matajiri wa kujaza ghala. Hawakufanya hivyo. Waliagiza watafutwe watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Kadhalika Mtakatifu Paulo, katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 3, anapotaja sifa za askofu, karibu zote ni za tabia: kiasi, ukarimu, upole, kutopenda fedha, kuisimamia vema nyumba yake. Na mashemasi, asema, wapimwe kwanza ndipo watumike. Kupimwa huko hakuhusu fedha.

Wapo watakaotujibu: "Padre, kanisa halijengwi kwa sala tupu, saruji na mabati vinanunuliwa." Ni kweli, na twawashukuru wote wanaotoa. Wala utajiri si dhambi, na umaskini peke yake si utakatifu. Yupo tajiri mnyenyekevu, na yupo fukara mwenye kiburi. Lakini mchango ni sadaka apewayo Mungu, si bei ya kiti. Kiti kikishanunuliwa, nani atathubutu kumdai mnunuzi hesabu za mfuko wa jumuiya? Nani atamwonya anapomwaibisha hadharani mzee aliyeshindwa kuleta mchango? Anayetoa kwa moyo atatoa hata akikaa benchi la nyuma. Anayetoa ili atawale anafanya biashara, na Bwana wetu alikwisha kuonyesha alichofanya kwa waliofanya biashara hekaluni.

Wengine husema: "Mchagueni kwanza, tabia ataipata kwenye semina." Semina ni jambo jema. Hufundisha kuendesha kikao, kuandika kumbukumbu na kutunza hesabu. Lakini semina ya siku mbili haimgeuzi mwenye hasira kuwa mpole. Cheo nacho hakimwumbi mtu, bali humfunua. Mwenye majivuno akipewa cheo hupata jukwaa, na mwenye tamaa hupata ufunguo wa kasha.

Tuwatazame jirani zetu wa Uganda. Mnamo Novemba 1882 Wamisionari wa Afrika, waliojulikana kama Mapadre Weupe, waliondoka Buganda wakahamia kusini mwa Ziwa Viktoria, wasirudi hadi Julai 1885. Kwa zaidi ya miaka miwili na nusu waamini wale wachanga hawakuwa na padre. Nani aliwaongoza? Walei wenzao, akina Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba Kalemba, waliowakusanya na kuwafundisha wengine. Wamisionari waliporudi walikuta kundi limeongezeka, si limetawanyika.

Kisha jaribu likaja. Askofu Mwanglikana James Hannington alipouawa Oktoba 1885, Yosefu Mukasa, mtumishi katika ikulu, alimkemea Kabaka Mwanga kwa mauaji hayo, na tena aliwakinga vijana wa ikulu dhidi ya matakwa yake machafu. Tarehe 15 Novemba 1885 aliuawa. Karoli Lwanga akashika nafasi yake ya kuwalinda vijana wale, naye akachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Ushujaa ule haukuzaliwa mbele ya moto. Ulilelewa katika siku za kawaida, katika sala, mafundisho na utumishi mwaminifu.

Basi, tabia ya kiongozi hujengwa wapi? Hujengwa pasipo makofi. Hujengwa nyumbani, mume anapomwomba mkewe msamaha mbele ya watoto. Hujengwa dukani, mizani isipodanganya. Hujengwa katika kiti cha kitubio, na katika kukubali kuonywa na mtu mdogo kuliko sisi. Kipimo hiki hakimsamehi padre: Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Pastores Dabo Vobis wa mwaka 1992, alifundisha kwamba malezi ya kiutu ndiyo msingi wa malezi yote ya kipadre. Nyumba isiyo na msingi haiokolewi na rangi, iwe ni ya padre, ya katekista au ya mwenyekiti wa jumuiya.

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa hiyo, wapendwa, uchaguzi ujao tuache kuuliza mtu ana nini. Tuulize: Je, wanaoishi naye wanamwamini? Je, akikosolewa husikiliza au hununa? Je, alikuwa akitumikia kabla hajapewa cheo? Asiyepita katika maswali haya tusimpe kiti, hata akituahidi paa jipya. Paa bovu hufanyiwa matengenezo. Lakini mwamini aliyeondoka kanisani kwa sababu ya dharau ya kiongozi, kumrudisha ni kazi ya miaka.

Kristo aliyejifunga kitambaa akawaosha mitume miguu atujalie viongozi wanaojua kuinama.