Lori lipimwe kabla halijatoka bandarini

Wanaosafiri barabara ya Mombasa kwenda Nairobi wanaijua ile mifereji miwili inayojichimba kwenye lami pale malori yanapopanda mlima. Si mashimo. Ni lami iliyobonyea chini ya matairi ikafura pembeni, kama donge la chapati lililokandamizwa na mpini. Gari dogo likiingia humo usukani unavutwa. Mvua ikinyesha mfereji unajaa maji na matairi hayashiki chini. Barabara inakwanguliwa, inawekwa lami mpya, na baada ya muda mifereji inarudi. Kila ikirudi tunasema neno lile lile: mkandarasi kala pesa.

Huenda mara nyingine kala kweli. Lakini kuna hesabu ambayo haimhusu mkandarasi, nasi watu wa Pwani tulipaswa kuijua kwa moyo kuliko Wakenya wengine, kwa sababu mzigo wote wa bandari ya Mombasa unaanza safari yake mlangoni kwetu.

Kati ya 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Wamarekani walijenga barabara za majaribio za mzunguko, kila moja na unene wake wa lami au zege. Wanajeshi wakaendesha malori humo usiku na mchana kwa takriban miaka miwili, hadi ekseli zaidi ya milioni moja zikawa zimepita. Walichogundua ni kwamba barabara haiharibiki sawasawa na uzito. Ekseli ikiongezewa uzito mara mbili, uharibifu hauongezeki mara mbili bali mara kumi na sita hivi. Wahandisi huiita kanuni ya nguvu ya nne.

Iweke hesabu hiyo Jomvu au Changamwe uone. Sheria inaruhusu tani 10 kwenye ekseli moja yenye matairi pacha. Mwenye lori akipakia ikafika tani 12, machoni pake amezidisha tani mbili tu. Barabara inaumia zaidi ya mara mbili. Sasa linganisha ekseli hiyo ya tani 10 na ya gari dogo la nyumbani yenye nusu tani: ni mara 160,000. Ndiyo maana mtu mwenye probox akiambiwa kwamba magari mengi yameharibu barabara, anaweza kukataa bila wasiwasi.

Na tusidhani hayo ni mambo ya Illinois tu. Miaka ya sabini, watafiti wa maabara ya barabara ya serikali ya Uingereza, TRRL, walifanya kazi humu Kenya wakipima jinsi barabara zetu zinavyochakaa na magari yanavyogharimu kuendeshwa juu yake. Takwimu hizo za Kenya ndizo zilizozaa mfumo wa hesabu uliochapishwa 1975, na kutoka hapo zikachangia ule wa Benki ya Dunia wa kupanga barabara katika nchi zinazoendelea. Mwaka 1977 maabara hiyo ilitoa ripoti nzima kuhusu uzito wa ekseli kwenye barabara za lami za Kenya. Maana yake, tatizo la lori kuzidisha mzigo liliandikwa, likapimwa na kuwekwa kabatini kabla wengi wa madereva wa leo hawajazaliwa.

Joto letu nalo lina sehemu yake. Lami hulainika jua linapowaka, na lori lililojaa likipanda mlima kwa kilomita 10 kwa saa linaikalia lami mara nane zaidi kuliko lingepita kwa kilomita 80. Mwongozo wa Waingereza hao wa 2002 kuhusu lami ya nchi za joto unazitaja sehemu za milima na zinazokaribia makutano kuwa zinahitaji mchanganyiko wa aina yake, si ule wa tambarare. Hapo ndipo mkandarasi na msimamizi wake wana swali la kujibu. Ila hata mchanganyiko mzuri hautavumilia kila kitu.

Tunayo sheria, tena nzuri. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima, na vikomo vya kila kundi la ekseli: 10 kwa moja, 18 kwa mbili, 24 kwa tatu. Ukiitazama utaona haikumlenga mwenye mali kumkomoa. Inamwambia: beba, lakini sambaza. Tani 24 zikiwekwa juu ya ekseli mbili badala ya tatu, uharibifu unazidi mara tatu, na mzigo ni ule ule.

Tatizo ni mahali tunapopimia. Mizani kubwa ya kwanza kwa lori linaloelekea bara iko Mariakani, zaidi ya kilomita 30 kutoka bandarini. Lori lililozidisha likikamatwa pale, tayari limekanyaga Changamwe, Jomvu, Miritini na Mazeras. Limeshapanda mlima. Lami yetu imeshalipa. Halafu kuna safari ambazo hazifiki Mariakani kabisa: kontena linalotoka bandarini kwenda kwenye bohari za makontena za hapa hapa mjini, lori la mchanga, lori la kokoto, trela linalozungusha saruji au vyuma. Safari hizo fupi ni nyingi kila siku, na mara nyingi hupewa magari makuukuu yasiyothubutu tena kwenda Nairobi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hapa mwenzio ni barabara.

Wala hatuwezi kusema uzito haujulikani. Tangu Julai 2016, kanuni za kimataifa za usalama wa bahari zinataka kontena lililojaa lisipakiwe melini bila uzito wake kuthibitishwa. Kwa hiyo kontena linaloshushwa Kilindini huwa limeshapimwa huko lilikotoka. Kinachokosekana ni kujua uzito huo umekaaje juu ya ekseli za lori hili linalolibeba leo, na hilo ni jambo la kupimwa langoni kwa dakika chache kabla lori halijaingia barabarani. Likikutwa limezidi, liko hatua chache kutoka kwenye winchi. Likikutwa Mariakani, dereva na taniboi wanalala kando ya barabara wakitafuta pa kupunguzia mzigo.

Na hapo kando ya barabara ndipo suala la lami linapogeuka suala la roho za watu. Lori lililozidisha hupasua matairi. Breki zake huchemka likiteremka. Spring zinakatika. Linakwama usiku, mara nyingi kwenye mteremko au kona ya Taru, Maungu au mbele zaidi, na alama pekee ni matawi ya miti yaliyotupwa barabarani. Nyuma inakuja matatu ya usiku. Habari hiyo tunaisoma kila msimu wa Krismasi kwa maneno yale yale, na mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, inahesabu zaidi ya watu 4,000 wanaouawa nchini kila mwaka. Lawama huwekwa juu ya dereva wa matatu na mwendo wake, mara nyingi kwa haki. Lori lililosimama gizani halipandishwi kizimbani.

Hata hapa utafiti umeshafanyika. Wamarekani waliwalazimisha wenye matrela kubandika utepe mwekundu na mweupe unaorudisha mwanga. Mwaka 2001 shirika lao la usalama barabarani lilitoa matokeo yaliyotokana na ripoti za polisi wa Florida na Pennsylvania: ajali za usiku za magari kugonga trela ubavuni au nyuma zilipungua kwa asilimia 29, na penye giza lisilo na taa za barabarani kwa asilimia 41. Kati ya Samburu na Voi taa za barabarani utazihesabu kwa vidole. Utepe si ghali ukilinganisha na tairi moja la trela. Malori yetu mengi yanao, lakini umechubuka au umefunikwa na vumbi na grisi hadi haung'ai tena, na langoni hapo hapo penye mizani mtu mwenye tochi angeweza kuukagua.

Najua jibu litakalokuja: pelekeni mzigo kwenye reli. Tulishapitia hapo. Mwaka 2019 serikali iliamuru makontena yapande SGR, Mombasa ikaandamana, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu hapa mjini ikaifuta amri hiyo. Mwaka 2022 utawala mpya ukarudisha shughuli za uondoaji mizigo Mombasa. Mama lishe wa Mariakani, fundi wa matairi wa Voi na wenye malori walifurahi, na nami nilifurahi nao. Lakini tulipotaka malori yabaki, tulikubali pia kuishi nayo, na hatujazungumza kwa masharti gani. Wasafirishaji wenyewe wanajua kwamba anayelipwa kwa tani huzidisha tani, na kwamba anayefuata sheria hushindwa kwa bei na asiyeifuata. Mizani ya langoni ingemlinda yule wa kwanza.

Anayelipia haya yote ni nani? Julai 2024 tozo ya matengenezo ya barabara ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya mafuta. Bodaboda wa Mikindani analipa. Abiria wa matatu ya Mtwapa analipa kupitia nauli. Lori linanunua dizeli nyingi kuliko gari dogo, ni kweli, lakini halinunui mara laki moja.

Barabara pana kutoka Mombasa hadi Mariakani imetugharimu mikopo ya miaka mingi ijayo. Bajeti ya barabara ikifika tena bungeni, wabunge wa Changamwe, Jomvu, Rabai na Kaloleni wana nafasi ya kumuuliza waziri: mwezi uliopita ni malori mangapi yalitoka langoni mwa bandari na kwenye bohari za makontena, mangapi yalipimwa ekseli kabla ya kukanyaga lami, na mangapi kati yake yalikuwa yamezidi?