Mwaka Mmoja Ulaya: Kijana Wetu Aende Kutafuta Nini?

Kila mtumishi aliyepata kuhamishiwa Mwanza anaijua ile miamba iliyopandana ziwani, mbele ya mji. Inaitwa Mwamba wa Bismarck. Lakini ni wangapi kati yetu, tukiwamo sisi tuliosoma, tunaoweza kumweleza mtoto wa darasa la sita Bismarck alikuwa nani, na kwa nini chansela ambaye hakupata kuikanyaga Afrika abaki na jiwe lake katika maji yetu?

Nauliza hivyo kwa sababu yapo maoni, tena ya watu wenye heshima zao, kwamba kijana wa Kitanzania anayesoma historia ya Ulaya chuo kikuu, na kupelekwa ng'ambo mwaka mzima kwa ajili hiyo, anapoteza wakati wake na fedha za umma. Wakati wa ukoloni, wanasema, tulikaririshwa wafalme wa Uingereza hata tukawasahau watemi wetu. Hilo ni kweli. Ndiyo maana Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1964 chini ya Terence Ranger, ilijipatia sifa duniani kwa kumrudisha Mwafrika katikati ya historia yake mwenyewe. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 nao umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Ni hatua njema. Lakini haiwi hoja ya kuifunga milango ya Ulaya, kwa maana sehemu kubwa ya mambo yaliyotupata yaliamuliwa huko, katika vyumba ambavyo babu zetu hawakualikwa.

Tutazame ziwa lenyewe. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walivuta mpaka kutoka pwani hadi ufukwe wa mashariki wa Nyanza. Tarehe 1 Julai 1890, miezi michache baada ya Bismarck kuondolewa madarakani, walitia sahihi mkataba mwingine: Ujerumani ikapewa kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, Uingereza ikaachiwa Zanzibar, na mpaka ukapitishwa juu ya maji kwa kufuata digrii 1 kusini ya Ikweta. Mvuvi wa Musoma hakuulizwa. Mkulima wa Kagera naye hakuulizwa, na ni yeye aliyelipa mwezi Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipouvuka mstari huo na mtawala wao kudai kwamba mpaka halisi ni mto Kagera. Mwalimu atakayeeleza vita ile bila kueleza siasa za Berlin na London za miaka ya 1880 atakuwa ameeleza nusu tu.

Wala Ulaya si ya machansela peke yao. Mwaka 1844 katika mji wa viwanda wa Rochdale, karibu na Manchester, wafumaji na mafundi 28 walichanga vijisenti wakafungua duka lao, kwa kuwa wamechoka kuuziwa unga uliochanganywa na takataka. Zaidi ya miaka mia moja baadaye wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa na kilio kinachofanana na hicho: mizani ya mnunuzi ilikuwa ikiwadanganya. Paul Bomani, aliyekuwa akiwaunganisha wakulima hao, alikwenda Uingereza mwaka 1953 kusoma mambo ya ushirika Loughborough, akarudi mwaka uliofuata. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa vikaungana kuwa Victoria Federation, chombo kilichokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika.

Huo ndio mwaka wa ng'ambo ninaoutetea. Bomani alikwenda akiwa na swali mkononi, na swali lilitoka kwenye magulio ya pamba. Mwalimu Nyerere naye, mtu wa Butiama, alikaa Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, akasoma historia na uchumi wa wenyeji wake, lakini hakurudi Mskoti. (Wapo waliokaa miezi tisa tu wakarudi wameisahau njia ya sokoni. Hao tuwaache na makoti yao.)

Kuna haja nyingine isiyosemwa sana. Katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, yamo majalada ya utawala wa Kijerumani, ambayo UNESCO iliyatambua mwaka 1997 kuwa kumbukumbu ya dunia. Yameandikwa Kijerumani, na mengi kwa mwandiko wa mkono wa kizamani ambao hata Mjerumani wa leo huusoma kwa taabu. Majalada mengine ya utawala huo huo yako Berlin. Ikiwa sisi hatuna watu wa kuyasoma, tutaendelea kusimuliwa habari za kodi, za mashamba na za vita vya wazee wetu na wageni, wawe na nia njema namna gani. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba radhi Songea tarehe 1 Novemba 2023. Mazungumzo yanayofuata radhi kama ile yanahitaji upande wetu watu walioshika karatasi wenyewe na kuzielewa.

Mwanza ina undugu na mji wa Würzburg tangu mwaka 1966. Mpango kama huo usiishie kwenye ziara za wajumbe na picha za ukumbusho. Vyuo vyetu, kikiwamo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Nyegezi, vingeweza kuwapeleka huko wanafunzi wa historia na walimu wa sekondari, kwa masharti magumu: lugha isomwe hapa nyumbani kabla ya safari, mada itoke Usukuma, Ukerewe, Mara au Kagera, na kila anayerudi alete tafsiri ya Kiswahili ya majalada aliyoyasoma, ikabidhiwe shule za kanda hii ziitumie darasani.